Abebe Bikila: Bingwa wa mbio aliyepigania mikono yake

Dunia inamkumbuka Abebe Bikila kwa miguu yake. Mwanajeshi huyo wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, aliyezaliwa Ethiopia Agosti 7, 1932, alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akikimbia pekupeku. Mwaka 1964 alishinda tena Tokyo, wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Miaka yake ya mwisho husimuliwa harakaharaka, ingawa huenda ndiyo iliyomtoa jasho zaidi.

Usiku wa Machi 22, 1969, gari lake dogo aina ya Volkswagen lilipinduka likambana ndani hadi asubuhi. Aliumia shingo. Uti wa mgongo ukiumia kiunoni, miguu ndiyo hupooza. Ukiumia shingoni, mikono nayo huenda. Abebe hakuweza hata kugeuza kichwa.

Wiki moja baadaye alikuwa amefikishwa Stoke Mandeville, Uingereza, hospitali ambako daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo mwaka 1944. Kabla ya hapo, wengi wao walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na akaifanya michezo kuwa sehemu ya tiba. Ni bahati iliyowafikia wachache: mkulima wa Iyolwa aliyeanguka kutoka juu ya mwembe miaka hiyo hakuwa na mfalme wa kumpeleka ng'ambo.

Alikaa huko miezi minane. Mikono ilirudi, miguu haikurudi.

Julai 1970 alishindana kwa upinde na katika tenisi ya meza kwenye michezo ya watu wenye ulemavu ya Stoke Mandeville. Aprili 1971 alialikwa Norway kama mgeni tu, lakini akaingia mashindanoni, na katika mbio za sledi za kuvutwa na mbwa kwenye theluji akawaacha wote nyuma. Huyu ni mtu aliyekulia kwenye milima ya Shewa! Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima mjini Munich, kwenye Olimpiki ileile ambayo John Akii-Bua wa Uganda alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi. Umati ulisimama kumshangilia akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu.

Alifariki dunia Oktoba 25, 1973, akiwa na miaka 41, baada ya damu kuvuja kwenye ubongo. Mfalme alitangaza siku ya maombolezo ya kitaifa, na maelfu ya watu walimsindikiza kaburini Addis Ababa.