Mchungaji Dkt. Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Mgeni Aliyefundishwa Lugha na Wenyeji Wake

Mwezi wa Februari mwaka 1850 chombo kidogo kilitweka tanga kutoka Mombasa na kushika njia ya kusini. Ndani yake walikuwamo wamisionari wawili Wajerumani, Johann Ludwig Krapf na Jakob Erhardt. Walipita Tanga na Pangani, wakafika Kilwa, wakaendelea mpaka Lindi na kufikia Rasi ya Delgado, ndipo wakageuza. Hawakujenga kanisa katika safari ile, wala hawakubatiza mtu. Hata hivyo historia ya Walutheri katika pwani hii haiwezi kusimuliwa vema bila kumtaja Krapf, kwa wema wake na kwa makosa yake.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg. Alilelewa katika Kanisa la Kilutheri la nchi hiyo, akapata mafunzo katika chuo cha misioni cha Basel, na baadaye akasoma theolojia Tübingen. Aliajiriwa na chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza, CMS, jambo ambalo halikuwa geni siku zile. Mwaka 1837 alitumwa Uhabeshi. Huko aliujua ugeni kwa uchungu wake. Mwaka 1838 alifukuzwa Adwa pamoja na wenzake. Alipokaribishwa katika ufalme wa Shoa alikaa miaka michache tu, na mwaka 1842, akiwa safarini kuelekea pwani, alinyang'anywa mali yake. Aliporudi ili aingie tena Shoa alikuta mlango umefungwa. Wahabeshi waliomkataa walikuwa Wakristo wenzake.

Waliompokea walikuwa Waislamu. Mwezi wa Januari 1844 Krapf alifika Unguja, na Sayyid Said bin Sultan, aliyejua vizuri kwamba mtu huyu amekuja kuhubiri dini nyingine, alimpa barua kwa maliwali wake wa pwani. Katika barua ile Sultani alimweleza Krapf kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaongoza watu kwa Mungu, akaagiza atendewe mema na asaidiwe kila mahali. Kwa barua hiyo Krapf alikaa Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wakati huo.

Mwezi mmoja kabla ya msiba huo alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Hapa inafaa msomaji atulie kidogo. Kadhi ni mwamuzi wa sheria ya Kiislamu na mlinzi wa imani ya watu wake. Huyu aliketi na mmisionari wa Kikristo, ambaye hakuwa na nguvu ya serikali wala ya bunduki nyuma yake, akamfundisha namna ya kuisema Torati kwa lugha ya pwani. Maneno ambayo Mlutheri huyatamka kila Jumapili, kama vile imani, dhambi, toba, rehema, neema na ibada, yalikuwa yamezoeleka misikitini na madrasani karne nyingi kabla ya kuingia katika liturujia yetu.

Hata hivyo watu wa pwani walikuwa na sababu za kumwogopa mgeni, na Kilwa kuliko miji mingi. Mwaka 1331 Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa Kisiwani, akamsifu Sultani wake kwa ukarimu. Mwaka 1505 Wareno walioongozwa na Francisco de Almeida waliuteka mji uleule na kuupora. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Katika miaka ya 1840 utawala wa Kisiwani ulikomeshwa na Sayyid Said yuleyule aliyemwandikia Krapf barua. Krapf alipofika mwaka 1850, biashara ilikuwa imehamia Kilwa Kivinje, upande wa bara.

Alichokikuta Kivinje hakukisahau. Misafara ilishuka kutoka Ziwa Nyasa ikiwa na pembe za ndovu na wanadamu. Alielezwa kwamba watumwa kati ya 10,000 na 12,000 walipitia Kilwa kila mwaka wakipelekwa katika bandari nyingine za pwani na Arabuni. Aliyaandika hayo, na maandishi yake yakasomwa Ulaya. Lakini aliandika pia kana kwamba uovu ule ulitokana na dini ya wafanyabiashara, ilhali Wakristo wa Ulaya nao walikuwa wamenunua Kilwa kwa mkataba. Katika jambo hili hakuwa mwenye haki.

Wala hilo halikuwa kosa lake pekee. Wenyeji wa Rabai, ambako yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo mwaka 1846, aliwaita Wanyika, yaani watu wa porini, jina walilopewa na majirani na ambalo wenyewe, Wamijikenda wa leo, wamelikataa. Uislamu aliuona kuwa adui tu. Alishauri Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, kwa kuwa aliogopa kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa kuingia bara. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo alitafuta miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizohizo, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, na mwaka 1854 akaikabidhi kwa chama cha wataalamu wa Mashariki huko Ujerumani, ambako ilihifadhiwa. Hofu ilimwambia neno moja, sikio lake likamwambia jingine.

Sikio hilo ndilo lililozaa matunda. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen. Habari za maziwa makuu ambazo wamisionari hao walizipata kwa wasafiri wa pwani zilimwezesha Erhardt, pamoja na Rebmann, kutoa ramani iliyochapishwa mwaka 1856. Ilikosea kwa kuonyesha ziwa moja kubwa mno, lakini iliwachochea wasafiri waliofuata. Mwaka 1877 Krapf alihariri kamusi ya Rebmann ya lugha ya Nyasa, ambayo maneno yake yalitoka kinywani mwa Salimini, mtu aliyetekwa katika nchi za Nyasa na kuletwa pwani kama mtumwa. Jina la Salimini halitajwi mara nyingi makanisani. Linastahili kutajwa.

Krapf aliondoka Afrika ya Mashariki mwaka 1853 kwa sababu ya afya, akarudi mara chache tu, mojawapo mwaka 1862 alipowasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki nyumbani kwake Kornthal, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Hakuishi kuyaona yaliyofuata. Mwaka 1888 wananchi wenzake wa Kampuni ya Ujerumani walipandisha bendera yao katika miji ya pwani bila kujali heshima ya wenyeji, na mwezi wa Septemba maofisa wao wawili waliuawa Kilwa. Mwezi wa Novemba 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje. Baada ya hapo, kila mtumishi wa Injili aliyefika pwani hii akiwa na jina la Kijerumani alibeba mzigo wa bunduki ambazo huenda hakuzishika, na wazee walikuwa na haki ya kumwuliza amekuja na barua ya nani.

Mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kamusi kubwa ya Krapf ya Kiswahili ilitoka London. Humo yamo maneno ya mabaharia, ya wakulima, ya waganga na ya wanazuoni, na mara nyingi ameeleza pia desturi ambayo neno limetoka kwayo, kama alivyoelezwa na watu wa Mombasa ambao hakufaulu kuwafanya Wakristo.