Arthur Lowe: Sajini-Meja Aliyekuwa Kapteni wa Mgambo

Waingereza wengi wakitajiwa mgambo waliolinda nchi yao wakati wa Vita Kuu ya Pili, huwajia akilini sura ya mtu mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani ya duara na masharubu madogo. Mtu huyo ni Kapteni Mainwaring, ambaye hakupata kuishi duniani. Aliyempa uhai katika televisheni ni marehemu Arthur Lowe, na habari za Lowe zawahusu watu wa majeshi, kwani yeye mwenyewe alikuwa askari kabla ya kuwachekesha watu kwa mambo ya uaskari.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba, 1915, katika kijiji cha Hayfield, jimbo la Derbyshire, akiwa mtoto wa pekee wa mfanyakazi wa reli. Tamaa yake ya ujana ilikuwa bahari. Alitaka kuwa baharia katika meli za biashara, lakini macho yake yalikuwa dhaifu, akakataliwa. Mwaka 1939, kabla vita havijaanza, aliingia jeshini, na baadaye akapelekwa Mashariki ya Kati. Huko ndiko alikoanza kushiriki na kuandaa michezo ya kuigiza ya kuwaburudisha askari wenzake. Alipotoka jeshini alikuwa na cheo cha sajini-meja.

Mwaka 1945 alianza kuigiza kwa mshahara mjini Manchester, kwa pauni 5 kwa wiki, akipanda jukwaani mara mbili kila usiku. Hapo alikutana na mwigizaji Joan Cooper, wakaoana mwaka 1948. Umaarufu ulichelewa. Ulimjia mwaka 1960, alipokuwa na umri wa miaka 45, katika mchezo wa televisheni uitwao Coronation Street, akiwa Leonard Swindley, msimamizi wa duka mwenye kujiona. Baada ya miaka mitano aliuacha mchezo huo.

Kisha ukaja mwaka 1968. Jimmy Perry, ambaye katika ujana wake alikuwa mgambo, aliandika pamoja na David Croft mchezo wa Dad's Army, yaani jeshi la akina baba. Mgambo hao walikuwa wa kweli. Tarehe 14 Mei, 1940, Waziri Anthony Eden aliwaita kwa redio wanaume wasiokuwa jeshini wajitolee kulinda vijiji na pwani, na katika muda wa wiki moja wakajiandikisha watu 250,000. Wengi walikuwa wazee au vijana wasiotimiza umri wa jeshi, na mwanzoni wengine walishika lindo na bunduki za kuwindia. Zaidi ya 1,200 kati yao walipoteza maisha wakiwa kazini. Kwa hiyo baadhi ya wakubwa wa BBC waliogopa kwamba kuwacheka watu kama hao kungekuwa dharau.

Ingekuwa dharau kweli, kama kapteni wao angeigizwa na mtu mwingine. Nafasi hiyo alipewa kwanza mwigizaji mwingine akaikataa, na Lowe hakujulikana sana kwa BBC kwa sababu alikuwa mtu wa kampuni shindani. Alipoipata, alimfanya Mainwaring kuwa meneja wa benki ya mji mdogo, mwenye majivuno na mwepesi wa kukasirika, ambaye alikwenda Ufaransa mwaka 1919 wakati mizinga imekwisha nyamaza, na kwa hiyo hana nishani ya mapigano. Yeyote aliyepata kusimama kwenye gwaride amewahi kumwona afisa wa namna hiyo. Lakini Lowe hakumfanya mwoga hata siku moja.

Wapenzi wa mchezo huo hurudia sehemu zile zile. Katika moja ya mwaka 1969, bomu lisilolipuka linawaangukia Mainwaring na sajini wake, Wilson, katika chumba cha hazina cha benki, nao wanalipakata mapajani bila kuthubutu kujikuna. Katika nyingine ya mwaka huo huo yagunduliwa kwamba cheo cha Mainwaring hakikupata kuidhinishwa, naye anaingia mstarini kama askari wa kawaida, chini ya amri ya Wilson. Inayopendwa kuliko zote ni ya mwaka 1973, yenye mateka wa nyambizi ya Kijerumani. Nahodha wao anaandika katika daftari majina ya watakaoadhibiwa Ujerumani ikishinda. Anapotaka jina la kijana Pike, Mainwaring anamkataza kijana huyo asilitaje, na katika kumkataza analitaja yeye.

Mimi naipenda zaidi ile ya mwaka 1970, ambamo Mainwaring anampenda mwanamke mmoja kwa heshima, kisha wanaagana kwenye stesheni ya reli. Hapo hakuna cha kucheka.

Jambo la ajabu ni kwamba John Le Mesurier, aliyeigiza sajini, alikuwa kapteni halisi wakati wa vita, na sajini-meja Lowe ndiye aliyempa amri. Hata mzee Arnold Ridley, aliyeigiza mgambo mpole mwenye kibofu dhaifu, alijeruhiwa vibaya Somme mwaka 1916.

Mwaka 1974 Lowe alipata tuzo ya filamu kwa kazi yake katika O Lucky Man!, ambamo mojawapo ya sura zake ni ya mtawala wa Kiafrika, naye alipakwa rangi nyeusi. Mwafrika hawezi kulitazama hilo kwa furaha, wala tuzo haliondoi doa.

Dad's Army ulikwisha mwaka 1977, baada ya sehemu 80. Wakati huo Lowe alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla, hata kazini. Tamaa ya bahari haikumtoka. Alikuwa amenunua boti ya mvuke iliyoundwa mwaka 1885, akaitengeneza hata ikaweza kwenda baharini. Tarehe 14 Aprili, 1982, alianguka katika chumba cha kuvalia cha jumba la michezo mjini Birmingham, akafa alfajiri ya siku iliyofuata, akiwa na umri wa miaka 66. Mkewe hakuhudhuria mazishi. Alikuwa Belfast, akiendelea na mchezo ule ule waliokuwa wakiuigiza pamoja.

BBC ilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili zitumike tena, na sehemu tano za mwaka 1969 zilipotea kwa njia hiyo. Mbili zilirudishwa mwaka 2001. Tatu bado zatafutwa. Katika mji wa Thetford, ambako picha nyingi za nje zilipigwa, ilizinduliwa mwaka 2010 sanamu ya Kapteni Mainwaring. Ameketi wima kwenye benchi, amevaa sare kamili, na kando yake pameachwa nafasi ya mgeni kukaa.