Habari za Johannes Kepler, Mpima Sayari

Wasomaji wetu walioko Same waijua Zuhura, ing'aavyo jioni juu ya nyika majira yake yakifika. Lakini umbali wake na Jua wajulikanaje? Aliyetufungulia njia ni Mlutheri, naye alitaabishwa na Walutheri wenzake. Kwa hiyo tumeona vema kueleza maisha yake.

Johannes Kepler alizaliwa Weil der Stadt, Ujerumani, tarehe 27 Desemba 1571. Utotoni aliugua ndui, macho yake yakadhoofika. Alisoma Tübingen apate kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu. Mwaka 1600 alifukuzwa huko kwa kukataa kuiacha imani yake, akaenda Prague kwa Tycho Brahe, aliyekuwa amepima mahali pa nyota miaka mingi.

Tycho alikufa mwaka 1601, na Kepler akaendelea kuihesabu njia ya Mirihi. Hesabu yake ilipishana na vipimo kwa dakika 8 tu za pembe, yapata robo ya upana wa Mwezi. Mwingine angaliridhika, yeye aliivunja kazi yote akaanza tena. Mwaka 1609 akatangaza kwamba njia ya sayari si duara kamili, bali duara lililobonyea kidogo.

Alipohamia Linz mwaka 1612, mchungaji wa mji alimnyima Meza ya Bwana, kwa kuwa hakukubali kutia sahihi maandiko ya mapatano ya Walutheri pasipo sharti. Akawalilia wakuu wa kanisa, nao wakamkatalia. Hukumu ile, twaona sisi, ilikuwa kali mno. Hata hivyo hakuliacha kanisa lake.

Tena mwaka 1615 mama yake, Katharina, mjane mzee, alisingiziwa uchawi. Mashtaka ya namna hii hata nchi yetu yayajua. Mwaka 1620 alikamatwa, akafungwa minyororo muda wa miezi 14. Mwanawe aliacha kazi, akasafiri kumtetea, akajibu shtaka moja moja kwa maandiko, hata akafunguliwa mwaka 1621. Mama alikufa mwaka uliofuata.

Kati ya huzuni hizo, mwezi Mei 1618, Kepler aliona kanuni iliyo kuu. Hesabu miaka ambayo sayari huitumia kulizunguka Jua, uizidishe kwa yenyewe. Jibu ni sawa na umbali wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, umbali wa Dunia ukiwa 1. Sayari yenye mwaka wa miaka 8 yetu ingekuwa mbali mara 4, maana 8 kwa 8 ni 64, na 4 kwa 4 kwa 4 ni 64.

Kanuni hiyo yalinganisha tu, haitaji maili. Kepler alitangaza kwamba Zuhura itapita mbele ya Jua mwaka 1631, lakini alikufa Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, na vita vikaliharibu kaburi lake. Zuhura ilipopita tena mwaka 1761 na 1769, wataalamu waliitazama toka nchi zilizo mbali mbali, kama mtu autazamavyo mlima wa Shengena toka mahali pawili, auone umesogea mbele ya mawingu. Kwa pembe hiyo walipata umbali wa Jua, ambao leo twajua ni yapata kilometa milioni 150. Tarehe 8 Juni 2004 ilipita tena, na toka Same, palipokosa mawingu, iliweza kuonekana toka saa mbili asubuhi hata baada ya saa nane mchana, nukta nyeusi juu ya Jua.