Ndugu Aliyefutwa Pichani

Katika nyumba nyingi za mlima wetu, tangu Kibosho hata Rombo, yupo mtoto ambaye jina lake halitajwi mbele ya wageni. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtoto wa namna hiyo wa huko Uingereza: Branwell Brontë, mdogo wake Charlotte, yule mwandishi mashuhuri aliyetunga Jane Eyre.

Branwell alizaliwa mwaka 1817, mwana wa kiume pekee kati ya watoto sita wa mchungaji wa Kianglikana wa kijiji cha Haworth. Mama alifariki mwaka 1821, na dada wawili wakubwa wakamfuata mwaka 1825. Tumaini la nyumba likawekwa juu ya kijana huyu. Baba alimfundisha mwenyewe Kilatini na Kigiriki. Akili alikuwa nazo: mashairi yake yalichapwa gazetini tangu mwaka 1841, kabla dada zake hawajachapisha lolote.

Lakini kazi hazikudumu mikononi mwake. Mwaka 1838 alianza kazi ya uchoraji mjini Bradford, akaiacha upesi. Akawa karani wa reli. Mwaka 1842 akaachishwa kwa sababu fedha za stesheni zilipungua paundi 11 na zaidi. Hakuhesabiwa mwizi, bali mzembe. Dada yake Anne akamtafutia kazi ya ualimu katika nyumba ya matajiri. Mwaka 1845 akafukuzwa, na ikasemwa kwamba alimpenda mke wa mwenye nyumba. Akarudi kwao, akazama katika ulevi na kasumba.

Wakati huo dada zake walikuwa wakiandika. Mwaka 1847 vitabu vya Charlotte, Emily na Anne vilitoka kwa majina ya kubuni. Kwa ushuhuda wa Charlotte, ndugu yao hakuambiwa kamwe. Hata katika picha aliyowachora dada hao watatu, iliyohifadhiwa London, yeye alikuwamo katikati. Umbo lake likafunikwa kwa rangi, likawa kama nguzo.

Charlotte alimwonea aibu, akamwepuka. Baba mzee ndiye aliyelala naye chumba kimoja, akimlinda usiku. Tarehe 24 Septemba 1848 Branwell alikufa, mwenye umri wa miaka 31, na katika saa zake za mwisho aliitikia sala za baba yake. Ndipo moyo wa Charlotte ulipolainika. Lakini aliyehurumiwa hakuwapo tena kusikia.

Wazazi wapendwa, kumtwika mwana mmoja matumaini yote na kumsamehe kila uzembe si kumpenda. Binti waliokaa kimya jikoni nao wana vipaji. Lakini mwana akishaanguka, tusimfute. Kama wako ameketi jioni hii kilabuni mbele ya mbege, mpelekee mtu amwite aje kula pamoja nanyi.