Friedrich Fröbel: Mwasisi wa chekechea aliyefariki bustani zake zikiwa zimepigwa marufuku

MZAZI anayempeleka mwanawe katika shule ya chekechea huenda akamkuta mwalimu akiwaongoza watoto kuimba katika duara, kufinyanga udongo au kupanga vipande vya mbao. Wapo wazazi wanaoondoka hapo wakinung'unika kwamba karo yao inalipia michezo mitupu.

Wazazi hao huona mchezo kuwa jambo dogo mno. Zamani, serikali moja ya Ulaya iliuona kuwa jambo la hatari, ikazipiga marufuku shule za watoto wachanga zilizofunza kwa michezo.

Aliyeathirika zaidi na hatua hiyo ni Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeshikilia kwamba mchezo wa mtoto mdogo si pumziko baada ya masomo, bali ndio masomo yenyewe. Aliaga dunia mwaka wa 1852, kazi aliyoitolea maisha yake ikiwa ingali imeharamishwa.

Utoto wa upweke

Fröbel alizaliwa Aprili 21, 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, eneo la Thuringia, katikati mwa Ujerumani ya leo. Babake alikuwa kasisi wa Kilutheri aliyelemewa na majukumu ya kanisa. Mamake alifariki kabla mtoto huyo hajatimiza umri wa mwaka mmoja.

Babake alioa tena. Mama wa kambo alimpenda mwanzoni, lakini alipojaliwa mtoto wake mwenyewe, mapenzi hayo yalififia. Mvulana huyo akawa mpweke katika nyumba ya babake, na bustani iliyokuwa karibu na nyumba hiyo ikawa mahali pake pa kupitishia wakati.

Nyumbani alidhaniwa kuwa mzito wa kufahamu mambo, na kwa muda akasomeshwa katika shule ya wasichana ya kijiji hicho. Alipofika umri wa miaka 10 alichukuliwa na mjomba wake, kasisi wa mji wa Stadtilm, na huko ndiko alikoonja malezi ya upole.

Akiwa na miaka 15 alipelekwa kuwa mwanagenzi wa bwana misitu. Kwa miaka miwili alijifunza upimaji wa ardhi, mimea na hesabu, sehemu kubwa akijisomea mwenyewe.

Mwaka wa 1799 alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena. Kukopa harusi, kulipa matanga: alishindwa kulipa deni lake, akafungiwa katika jela ya chuo kwa majuma tisa. Aliondoka Jena mwaka wa 1801 bila kuhitimu.

Mwalimu kwa bahati

Kwa miaka kadhaa alihangaika kutoka kazi moja hadi nyingine. Mwaka wa 1805 alifika Frankfurt akikusudia kuwa msanifu wa majengo. Badala yake, mkuu wa shule moja ya mfano mjini humo, Anton Gruner, alimshawishi awe mwalimu.

Shule hiyo ilifuata mawazo ya Johann Heinrich Pestalozzi, mwelimishaji mashuhuri wa Uswisi aliyetaka mtoto ajifunze kwa kutazama na kugusa vitu kabla ya kukariri maneno. Fröbel alimtembelea mwaka huo huo, kisha akarejea na kuishi huko Yverdon kuanzia 1808 hadi 1810. Alimheshimu mzee huyo, ila aliona kuwa masomo ya shuleni mwake hayakuunganishwa yakawa kitu kimoja.

Kiu hiyo ya kuona uhusiano wa mambo yote ilimrudisha katika elimu ya juu, safari hii akisomea sayansi. Mjini Berlin alifanya kazi chini ya Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa madini, akichunguza fuwele. Kule kuona jinsi maumbo sahili yanavyozaa maumbo changamano kulimwachia wazo ambalo lingejitokeza baadaye katika vifaa vya kuchezea watoto.

Masomo hayo yalikatizwa mwaka wa 1813 alipojiunga na kikosi cha watu wa kujitolea kupigana na majeshi ya Napoleon. Vitani alikutana na vijana wawili, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal, ambao wangekuwa wenzake katika kazi ya elimu.

Mwaka wa 1816 alianzisha shule ndogo huko Griesheim, wanafunzi wake wa kwanza wakiwa watoto wa nduguze. Mwaka uliofuata aliihamishia Keilhau. Mnamo 1826 alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu malezi ya binadamu.

Hata hivyo, wakati huo tayari watawala walikuwa wakiitilia shaka shule hiyo, wakihofia kuwa ilipanda mbegu za uasi. Mkaguzi aliyetumwa aliisifu, lakini jina lilikuwa limekwisha kuchafuliwa na idadi ya wanafunzi ikapungua sana.

Zawadi za Blankenburg

Mwaka wa 1831 Fröbel alienda Uswisi, ambako hatimaye alisimamia makao ya mayatima mjini Burgdorf. Kadiri alivyofanya kazi na watoto wadogo ndivyo alivyosadiki kwamba shule humpokea mtoto akiwa amechelewa. Samaki hukunjwa angali mbichi, naye alitaka kuanza kabla ya umri wa kwenda shule.

Aliporejea Ujerumani alifungua taasisi mjini Blankenburg mwaka wa 1837, akiwa na umri wa miaka 55. Hapo ndipo alipotengeneza vifaa alivyoviita zawadi.

Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita midogo ya sufu, kila mmoja ukiwa na rangi yake na uzi wa kuuning'iniza. Ya pili ilikuwa maumbo matatu ya mbao: tufe linalobingirika, mchemraba unaosimama tuli, na mcheduara, wenye umbo la kopo, ambao huweza kufanya yote mawili.

Zawadi ya tatu ilikuwa mchemraba uliogawanywa kuwa michemraba midogo minane. Mtoto aliweza kuitenganisha na kuiunganisha tena. Leo angeijenga iwe kiti, kesho ngazi au kisima. Mara nyingine angeipanga iwe pambo lenye ulinganifu, au aigawe nusu na robo, na hapo akawa anajifunza hesabu kabla ya kuijua tarakimu.

Kando ya zawadi hizo kulikuwa na shughuli za sanaa: kukunja na kukata karatasi, kusuka vipande vyake, kuchora, kutoboa ruwaza kwa sindano na kufinyanga udongo. Zawadi zilibaki na umbo lake baada ya mchezo, ilhali katika shughuli hizi mtoto aliibadilisha mali ghafi ikawa kitu kipya.

Juni 28, 1840, Fröbel na wenzake waliizindua rasmi taasisi hiyo kwa jina alilolibuni yeye, Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Jina hilo halikuwa fumbo tupu. Kila mtoto alikuwa na kijishamba chake cha kupanda na kumwagilia maji, huku vijishamba vingine vikitunzwa na wote kwa pamoja.

Ili kuchangisha fedha, hisa za thaler 10 ziliuzwa kwa wanawake wa Ujerumani, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Mkewe wa kwanza, Henriette Wilhelmine, aliyeshiriki dhiki zake tangu Keilhau, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya uzinduzi huo.

Masomo ya kila siku

Mwaka wa 1844 alichapisha kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa akina mama, chenye picha na muziki. Mtu aliyekosa kupakatwa na mamake alikuwa ameketi kuandika jinsi mama anavyomfunza mtoto akiwa mapajani.

Michezo hiyo ilitokana na shughuli za kawaida: kuoka mkate, kazi ya seremala, mlio wa saa, nyumba ya njiwa. Katika mchezo wa kukata nyasi, mtoto aliongozwa kutambua kwamba maziwa anayokunywa yametoka kwa ng'ombe, naye ng'ombe amelishwa nyasi zilizokatwa na mtu fulani. Tendo dogo la mezani likawa somo la shukrani na la kutegemeana.

Kwa sababu aliamini malezi ni taaluma, Fröbel alianza kuwafunza wanawake vijana kazi ya kulea na kufundisha, wakati ambapo njia za wanawake kupata taaluma zilikuwa finyu. Mwaka wa 1849 alikwenda Bad Liebenstein. Baadhi ya wenyeji walimdhania kuwa mzee aliyepungukiwa na akili kwa jinsi alivyorukaruka na watoto wa kijiji. Bertha von Marenholtz-Bülow, mwanamke wa tabaka la juu, alitaka kujionea mwenyewe, naye akawa mtetezi wake mkuu.

Marufuku

Mapinduzi ya 1848 nchini Ujerumani yalikuwa yameshindwa, na serikali ziliwaandama wote walioshukiwa kuwa na mawazo mapya. Agosti 7, 1851, waziri wa elimu wa Prussia, Karl Otto von Raumer, alipiga marufuku bustani za watoto akidai kwamba zilieneza ukanaji Mungu na siasa za kijamaa.

Sehemu ya kosa hilo ilitokana na kuchanganya majina. Mpwa wa Fröbel, Karl Fröbel, alikuwa amechapisha kijitabu kuhusu elimu ya wasichana na bustani za watoto, nao wakuu wakakihusisha na mwasisi. Fröbel, mtu mcha Mungu, alieleza tofauti hiyo na kuomba amri ibatilishwe. Hakusikilizwa.

Mwaka uo huo alikuwa amemwoa Luise Levin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alifariki Juni 21, 1852 huko Marienthal na kuzikwa katika kijiji cha Schweina. Juu ya kaburi lake pana mnara wa mchemraba, mcheduara na tufe.

Wanawake waliobeba kazi

Marufuku iliondolewa mwaka wa 1860, baada ya juhudi ndefu za Marenholtz-Bülow na wenzake. Kufikia hapo, wanafunzi wa Fröbel walikuwa wameusafirisha mpango huo ng'ambo. Margarethe Schurz alianzisha bustani ya watoto huko Watertown, Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1856. Mnamo 1873 Susan Blow alifungua ya umma mjini St. Louis. Japan ilipata yake mjini Tokyo mwaka wa 1876.

Mgala muue na haki umpe. Fröbel aliandika kwa mafumbo, na maana za kiroho alizozihusisha na tufe na mchemraba hazina uzito katika sayansi ya leo. Isitoshe, baadhi ya wafuasi wake waligeuza zawadi kuwa zoezi la amri, kila mtoto akiweka kipande pale mwalimu alipoagiza. Wanaharakati wa elimu waliofuata walikuwa na haki ya kulikosoa jambo hilo, kwani mchezo wa kuamrishwa hupoteza kiini chake.

Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 uliipa nafasi michezo, nyimbo na sanaa katika madarasa ya PP1 na PP2. Kinachobaki ni subira ya watu wazima, hasa pale mtoto wa miaka minne anapopimwa kwa wingi wa alama za vyema daftarini.

Si lazima vifaa vinunuliwe kwa bei ghali. Vizibo vya chupa, mbegu za maharagwe na udongo wa mfinyanzi vyaweza kuhesabiwa, kupangwa na kuumbwa. Nyumbani, mtoto anayegawa vijiko mezani, anayeosha mikono kwa zamu au anayesaidia kuchambua mboga anajifunza idadi, utaratibu na kuwajali wengine.

Mzazi anayerudi kumchukua mwanawe jioni anaweza kuuliza kurasa ngapi zimejazwa. Fröbel angetaka aulize mtoto amejenga nini, amepanda nini, na amecheza na nani.