Daktari Fülleborn na samaki wa mito ya Mbeya

Katika miamba ya Ziwa Nyasa yuko samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Labeotropheus fuelleborni. Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Friedrich Fülleborn, na leo tunawaletea habari zake.

Alizaliwa mwaka 1866 huko Kulm, mji ambao sasa uko Poland. Mwaka 1896 alijiunga na jeshi la kikoloni la Wajerumani akiwa daktari, akafika nyanda zetu za juu wakati Mkwawa wa Iringa bado akipambana nalo. Hatumsifu kwa kila jambo: alikusanya pia mafuvu ya watu wa huku na kuyapeleka Ujerumani.

Lakini alikusanya samaki vilevile, wa Nyasa na wa Rukwa, akawasafirisha hadi Berlin. Mwaka 1903 perege wa Rukwa alitangazwa kuwa aina ya peke yake. Kwa nini, na Rukwa si mbali na Nyasa?

Wasikilizaji wa Mbeya jibu mnalo machoni. Mvua ya milima yenu hugawanyika mara tatu. Mto Kiwira hupeleka maji Nyasa, na kutoka huko yakaenda Zambezi. Mito ya Usangu huingia Ruaha Mkuu, ikapita Mtera mpakani mwa Iringa na Dodoma, hadi Rufiji na bahari. Songwe ya upande wa Rukwa huishia Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Samaki hapandi mlima, kwa hiyo kila upande hukua na aina zake. Hata ndani ya mto mmoja iko tofauti: kijito cha juu kina aina chache, bali pale mito inapokutana wavuvi hupata nyingi.

Mwaka 1924 mtaalamu wa Berlin, Ernst Ahl, alimpa jina perege wa Kyungululu, ziwa dogo la volkano huko Rungwe. Hapatikani kiasili mahali pengine popote duniani.

Fülleborn alikuwa amekwisha rudi Ujerumani. Alichunguza minyoo ya binadamu katika taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Hamburg, akawa mkurugenzi wake mwaka 1930, akafariki mwaka 1933.

Perege wa Kyungululu sasa yumo katika orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Perege wa kigeni, wanaobebwa kwa ndoo kutoka maji mengine, huweza kuzaa na wenyeji, na baada ya vizazi vichache yule wa asili hatambulikani tena.