Kamau, mlima na upande wetu wa Isiolo

Asubuhi mapema hapa Isiolo, kabla mawingu hayajaufunika, Mlima Kenya unauona wazi upande wa kusini. Kitabu maarufu zaidi kuhusu hadithi na mila za watu wa mlima huo kiliandikwa London, na mwandishi wake alikulia upande ule mwingine. Ni Jomo Kenyatta. Wengi wetu tunajua sura yake ya kwenye noti za zamani, basi. Lakini kabla ya kuwa rais, mzee alikuwa mwandishi.

Alizaliwa miaka ya 1890 hivi, akaitwa Kamau wa Ngengi. Tarehe kamili haijulikani. Babu yake alikuwa mganga, na Kamau alikaa naye akijionea mambo ya jadi kwa macho yake. Mwaka 1909 akaingia misheni ya Waskoti huko Thogoto, na 1914 akabatizwa Johnstone. Baadaye akafanya kazi idara ya maji ya Nairobi. Jina Kenyatta linahusishwa na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa.

Mwaka 1928 akawa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu. Mwaka uliofuata, chama cha KCA kikamtuma Uingereza kupeleka malalamiko ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Huku nyumbani alikuwa amesoma shule ya misheni tu, lakini kufika katikati ya miaka ya 1930 alikuwa akisomea mila za watu katika chuo cha LSE, chini ya profesa Bronislaw Malinowski.

Kazi yake ya darasani ndiyo ikazaa Facing Mount Kenya, mwaka 1938. Mle ndani kuna Gikuyu na Mumbi na mabinti zao, kuna Ngai na makao yake mlimani, kuna ndoa, kilimo na ugavi wa ardhi. Kuna pia hadithi ya ndovu aliyeomba kuingiza mkonga tu kibandani mwa mtu ili asinyeshewe, mwishowe mwenye kibanda akajikuta nje. Hata mtoto angejua ndovu ni nani. Tohara ya wasichana nayo aliitetea, na hapo wasomaji wengi wa leo hawatakubaliana naye.

Alirudi 1946. Oktoba 1952 akakamatwa, akahukumiwa Kapenguria, akafungwa huko kwetu kaskazini: Lokitaung, kisha Lodwar. Maralal ndiko alikokuwa kabla ya kuachiliwa Agosti 1961. Kwa hivyo jua letu alilijua vizuri.

Sasa hapa ndipo hadithi inakuwa ngumu kwa mtu wa Isiolo. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha serikali yake ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya Shifta viliendelea hadi 1967. Familia za hapa zilirundikwa kambini, kama Merti na Garba Tula, na mifugo ikaisha. Waborana wa Waso wanaiita miaka hiyo Gaafa Daba, wakati mambo yaliposimama. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya kuwakinga askari, ikafunga njia ya kudai fidia.

Yaani mtu aliyeandika kwa uchungu mkubwa kuhusu watu kunyang'anywa ardhi yao ndiye aliyekuwa madarakani wafugaji wa kwetu wakipoteza ng'ombe na ngamia wao. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Je, tukitupe kitabu chake? Mimi nasema tukisome. Kamau aliona wageni wakiandika habari za watu wake, akaamua kuziandika mwenyewe. Isiolo ina Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru, na sehemu kubwa ya historia yetu bado iko vichwani mwa wazee. Wazee hao wanaondoka. Simu unayo mfukoni, ina kinasa sauti. Muulize nyanya yako kuhusu Daba wikendi hii, umrekodi, halafu uandike.